Matundu Kumi na Matatu

Bigwa, Jumamosi mchana

Semeni mwanangu,

Salamu tutapeana ukishuka kwenye lori, na shikamoo yako nitaipokea kama siku zote. Barua hii ina kazi nyingine. Kuna jambo nimelifanya kwenye kazi yako ya katani, ile uliyoikunja na kuifunga guniani kwa ajili ya chuo, na nimeona haya kukuambia kwa mdomo. Nimeyaziba matundu yake. Yote kumi na matatu.

Niliyaziba wiki tatu zilizopita, zile siku mbili ulizokwenda shule kufuata cheti ukalala mjini kwa rafiki yako. Nilifungua gunia, nikakaa na shazia, sindano yangu ya mikeka, kila tundu nikalishonea kiraka cha ukili wa ukindu, msuko safi wa mtu mzima, kisha nikaikunja na kuifunga kwa fundo lako lile lile. Wewe hujaifungua tangu siku hiyo. Kesho ungepanda nayo basi, na Jumatatu walimu wa chuo wangeitandaza mezani kuamua kama wakuweke upande wa sanaa za mikono, au wakupeleke sayansi kimu ukafundishe watu kuoka keki nchi ikiwa haina unga. Ungeifungua mbele yao ukutane na mkono wangu. Nimeliwaza hilo kwa siku ishirini, na leo nimeshindwa kuendelea kuliwaza peke yangu.

Wewe uko Kinole tangu jana kumuaga bibi yako, na baba yako ameshuka mjini kuulizia kama basi la kesho lina mafuta. Nyumba ni yangu. Tangu ulipotoka jana nafumua nilichoshona, na sasa nimeweka wembe chini ili niandike kabla lori la ndizi halijakuleta. Mwandiko wangu unaujua ni wa kisomo cha watu wazima, herufi zinapanda mlima na kushuka. Vumilia. Mambo ya kuchemsha maji, ya kufunga sanduku kwa kufuli na ya wanaume wa Dar es Salaam sitayagusa, maana shangazi yako ameshayamaliza yote, na mengine nadhani ameyaongeza.

Nilikuwa nimepanga kukuandikia kwamba nilifanya kwa nia ya kukusaidia. Hilo ni kweli nusu, na nusu ya pili nitaifikia. Kwanza nikueleze nilikoupata mkono wa kurekebisha kazi ya mwenzangu, kwa sababu sikuzaliwa nao.

Unajua kwamba nilipovunja ungo niliwekwa ndani, kama wasichana wote wa Kinole wa siku zile. Sijawahi kukusimulia kilichotokea humo, kwa kuwa wewe ulikuwa na shule na shule ilikuokoa. Nilikaa ndani misimu miwili ya mvua. Chumba kilikuwa na dirisha dogo lililozibwa kwa kitambaa, ili mwali asionwe na wapita njia na rangi yake ing'ae. Kazi ya mwali ilikuwa kusuka. Nilikuwa nasuka ukili kwa vidole kuliko kwa macho, na kungwi wangu, Bi Chausiku, alikuwa anakuja jioni, anaupitisha kwenye kiganja chake akiwa amefumba macho, na pale anaposikia kombo anasimama na kufumua hadi hapo. Siku nyingine alifumua kazi ya kutwa nzima. Alikuwa akisema samaki mkunje angali mbichi, halafu anacheka, kwa sababu Kinole samaki wenyewe tulikuwa tunawaona wakiwa wamekauka tu.

Mkeka niliousuka humo ndio ambao ungetandikwa siku yangu ya kutolewa nje. Kila mwali alitoka na mkeka wake, watu wakaukagua na kuamua mke wa aina gani anakuja. Ukindu wangu ulikuwa wa aina tatu, mweupe usiotiwa rangi, wa kijani na wa zambarau. Mama, yaani bibi yako, alikuwa akinipangia mafungu, kijani kulia na zambarau kushoto, maana katika giza lile rangi hizo mbili ni kitu kimoja. Siku moja mbuzi aliingia ndani akakanyaga mafungu, nikayakusanya kwa kubahatisha na kuendelea kusuka. Siku kadhaa baadaye nilisogeza kitambaa cha dirisha kidogo nikauona ukili wangu kwenye mwanga. Kijani ilikuwa inakwenda vizuri, halafu bila taarifa inageuka zambarau, inarudi kijani, inapotea tena. Kama mtu aliyetoka kwenda kisimani akasahau alichofuata.

Nilipaswa kuogopa, nikapenda. Sikuwa nimewahi kuona kitu nilichokitengeneza mimi na kikanishangaza mwenyewe. Nikamwonyesha Bi Chausiku, na nikamwomba uachwe.

"Uachwe uende wapi?" akaniuliza.

"Ukae katikati ya mkeka."

"Mwali hatoki na makosa yake yakiwa yametandikwa chini watu wakanyage. Nipe."

Aliukata. Akaleta ukili wake aliousuka nyumbani kwake, mchana, akiwa amekaa barazani na mwanga wote wa Mungu, akaushona katikati ya mkeka wangu. Mama alikuwa amekaa pembeni anachambua pilipili manga. Aliendelea kuchambua. Siku ya kutolewa nje, mama mkwe mtarajiwa, yaani bibi yako mzaa baba, Mungu amrehemu, alipiga magoti akapitisha mkono juu ya mkeka wote, na mkono wake ukasimama pale pale katikati. Akasema, "Hapa. Hapa ndipo mkono wake ulipo." Watu wakapiga vigelegele. Mimi nilikuwa nimefunikwa khanga mpya na kuelekezwa nisiinue uso, na nikashukuru kwamba sikutakiwa kuuinua.

Sikumsamehe Bi Chausiku kwa miaka mingi. Kitu ambacho sikukijua ni kwamba mtu anaweza kukataa kusamehe jambo na huku anajifunza kulifanya.

Niliolewa, baba yako akanipeleka kambini kwao, kule mbele ya Mikese, kwenye shamba la mkonge alikokuwa akifanya kazi korona, mashine ile inayosaga majani ya mkonge na kutoa katani. Wewe ulizaliwa huko ingawa huwezi kuikumbuka harufu yake, na ushukuru. Ukindu ulikuwa mbali, mpaka nifuate mikindu ya mtoni, na njiani kulikuwa na nyoka. Katani iliyokuwa fupi au chafu ilitupwa nyuma ya kiwanda, marundo kwa marundo. Nilianza kuiokota kwa uvivu tu. Naisokota pajani, napata uzi, nashonea mikeka. Nikaona mikeka yangu haikatiki pindoni kama ya wengine, maana pindo la ukindu hukatika pale mtu anapokunja kila siku, na katani hainyauki. Nikaanza kuzungushia pindoni taraza ya katani. Halafu nikaweka mstari wa katani katikati, bila sababu yoyote ya maana, kwa vile ulikuwa unang'aa mlango ukifunguliwa.

Wanawake wa kambini walicheka sana. Walisema mke wa Rajabu analaza mume kwenye kamba kama ng'ombe. Na baba yako, masikini, aliulalia mkeka wa kwanza akaamka mgongo wote umechorwa, akaenda kazini hivyo hivyo na wenzake wakamvulisha shati kutazama. Alirudi jioni akaniambia, "Mama Semeni, mkeka huu ni mzuri. Utundike." Alikuwa anatania, lakini nikautundika. Hiyo ndiyo mara ya kwanza mkeka kupanda ukutani nyumbani kwetu, nawe ulikuwa mgongoni mwangu siku hiyo unalala.

Nakueleza haya ili ujue kwamba hukuanzia hewani. Katani ni mimi niliyeileta ndani. Hilo nimejivunia kila nikiona vidole vyako vinaisokota, na nitajivunia hadi kufa, na ndilo hilo hilo lililoniharibu.

Tulipohamia Bigwa, kijiji kikaanzisha kikundi cha akina mama cha kusuka, na mimi wakanichagua mwenyekiti. Sijui walinichagulia nini. Nadhani ni sauti. Ulikuwa na miaka saba, unakuja na mimi mikutanoni na kulala chini ya meza ya katibu. Duka moja la mjini likatupa oda ya mikeka ya kupeleka kwenye maonyesho ya mkoa, wakataka yote iwe ya urefu mmoja, upana mmoja, rangi zile zile. Niliipokea kwa furaha kubwa. Nilikata fito mbili za kipimo nikawa natembea nazo nyumba kwa nyumba kama afisa wa ardhi.

Mama Salima unamjua kama muuza vitumbua wa Mikese. Kabla ya hapo alikuwa fundi kuliko sisi sote, kuliko mimi pia. Alikuja na mkeka ambao upande mmoja una pembe na upande wa pili umezunguka, mviringo kabisa, kili zimepinda bila kukunjamana hata mahali pamoja. Mpaka leo sijui alifanyaje. Alisema ulijipinda wenyewe naye akaufuata. Wanawake wakauzunguka. Nikaona kazi ya asubuhi inaharibika, na afisa wa maonyesho anakuja saa nane, nikauchukua mbele yao wote nikauweka kwenye rundo la iliyokataliwa na kusema, "Mkeka wa ujamaa una pembe nne." Watu wakacheka, na mimi nikafurahi kuwachekesha.

Mama Salima hakubishana. Aliukunja mkeka wake, akaniambia, "Haya, mwenyekiti," akaondoka. Hakurudi kikundini na hakusuka tena. Mara ya kwanza nilifikiri amenuna, kisha nikafikiri amepata shughuli nyingine, kisha nikaacha kufikiri. Basi likisimama Mikese ananiona dirishani, anakuja na sinia lake, ananisalimia vizuri, anauliza hali ya baba yako na yako, na ananichagulia vitumbua vilivyoiva vyema. Ningependa siku moja anitukane. Nimekula vitumbua vya mwanamke yule mara nyingi, Semeni, na sijapata kumwomba radhi, kwa sababu kila mara dereva anapiga honi na mimi namshukuru dereva.

Unakumbuka mwaka rangi za dukani zilipopotea. Mkasa wa manjano unaujua, huna haja ya kusimuliwa: nilivyoagiza manjano ya Kinole kwa kikapu, tukachemsha ukindu wote wa kikundi, ukatoka unawaka, na baada ya wiki mbili za jua mikeka ikawa kama haijawahi kuguswa. Niliwaambia wenzangu kwamba manjano ya mwaka ule yalikuwa mabovu. Hayakuwa mabovu. Bibi yako alikuwa ameniambia tangu utoto kwamba manjano hayapatani na jua, nami nilidhani nitafanikiwa kwa kuwa ni mwenyekiti. Wewe, ukiwa na miaka kumi na mbili, ndiye uliyekwenda mtoni ukaja na ndoo ya tope jeusi, ukafukia singa za katani humo na maganda ya mti, ukaziacha siku nne. Zikatoka nyeusi, na hadi leo ni nyeusi. Maonyesho yaliyofuata afisa akauliza nani amegundua rangi hii, nikajibu, "Kikundi." Ulikuwa umesimama nyuma yangu. Nilijiambia kwamba ndivyo tulivyofundishwa, kazi ni ya wote, hakuna cha mimi wala wewe. Lakini kama ningeigundua mimi, ulimi wangu ungepata shida kidogo kulitamka neno hilo.

Sasa nifike kwenye ile nusu ya pili.

Ulipoanza kazi hii, baada ya mitihani, nilidhani unatengeneza pazia. Ulifunga fito juu, ukaning'iniza katani nyingi, nyeupe na nyeusi, ukawa unasuka hapa, unafunga fundo pale, unaacha, unarudi. Hapakuwa na kipimo. Matundu yalipoanza kutokea nikakuuliza kama umeishiwa singa nikuongezee.

"Hapana Mama, nimeyaacha. Nataka ukuta uonekane nyuma yake."

"Ukuta wa nini? Ukuta si tunao, tunauona bure."

"Huu hamuuoni," ukaniambia, na ukaendelea.

Nilikwenda jikoni nikacheka peke yangu, halafu nikaacha kucheka. Siku chache baadaye akaja Mwalimu Mathayo wa shule yenu, yule Mnyakyusa aliyekuandikia barua ya chuo. Huyu bwana amenunua mikeka kwangu tangu alipopangiwa Morogoro. Kila akija anasema, "Mama, hii mizuri kweli kweli," anageuza, anasifu, anaulizia hali ya mvua. Siku ile alipoingia na kuiona kazi yako imetundikwa, hakusema kitu. Alivuta kiti akakaa. Nilimletea chai, ikapoa. Alikaa muda ambao ningesuka pima moja ya ukili, na nilisimama pale mlangoni na sinia mkononi nikimtazama akitazama, nikajua kwamba katika miaka yangu yote ya kusuka hakuna mtu aliyewahi kunyamaza mbele ya kazi yangu.

Niliona wivu, mwanangu. Nimeliandika na halikuniua. Nilikuonea wivu mtoto wangu wa kumzaa, kwa kitu nilichokufundisha mwenyewe kukishika. Mimi nilikuwa nimefika kwenye mstari mmoja wa katani katikati ya mkeka, nikauona ni safari ndefu, na ilikuwa ndefu kwa mtu aliyetoka nilikotoka. Wewe ulianza pale nilipochoka.

Kwa hiyo ulipokwenda kufuata cheti nilifungua gunia. Nilikuwa najiambia kwamba watu wa chuo ni wasomi, watasema mtoto huyu hakumaliza kazi, mama yake hakumfunza kumaliza. Nilikuwa naogopa hilo kweli, usidhani nilikuwa na ubaya mtupu. Lakini nilipokuwa nashona nilichagua ukindu wangu bora kabisa, ule niliokuwa nimeuweka kwa ajili ya mkeka wa Idi. Nilisuka viraka kwa msuko mgumu ninaoujua, na kila nilipomaliza kimoja nilirudi nyuma kutazama kama kinaonekana. Mtu anayeziba tundu kwa kumsaidia mwenzake hushona kiraka kisionekane. Mimi nilitaka mkono wa mtu ukipita juu ya kazi yako usimame kwangu.

Nilipomaliza nilijisifu, nikafunga gunia, nikapika. Usiku ule tulikula mlenda na wewe hupo, na baba yako aliniuliza mbona nina furaha. Kesho yake ukarudi na cheti chako, ukanikumbatia, na tangu hapo nimekuwa nikikwepa kukaa nawe chumba kimoja. Ulidhani nahuzunika kwa kuwa unaondoka. Hata shangazi yako amenipa pole.

Juzi nilikaribia kufanya baya zaidi. Niliwaza niitoe kazi yako guniani, niweke mkeka wangu mkubwa wenye mistari ya katani, niseme panya wameharibu ya kwako. Wangeupenda. Ungepokelewa kwa mkeka wangu, na ungeishi chuoni miaka miwili na kazi ya mtu mwingine ukutani. Nilikuwa nimeshaukunja mkeka tayari. Kilichonizuia si wema. Nilikuona uani umekaa unasokota katani bila kuitazama, unazungumza na jirani, na vidole vyako vinatembea vyenyewe, nikashindwa.

Basi, jana ulipotoka tu nikaitundika chumbani kwako, kwenye ule msumari wa juu, nikaanza kufumua. Kufumua kazi yangu mwenyewe kwa makini hivi sikuwa nimewahi. Nilipoondoa kiraka cha tatu au cha nne, jua la asubuhi lilikuwa limeingia, na nikaona kipande cha ukuta ndani ya tundu, pale chokaa ilipobanduka mwaka jana na baba yako akaahidi kupaka. Nimelala kwenye nyumba hii miaka mingi na sikuwahi kujua kwamba udongo wa ndani ni mwekundu kiasi kile. Niliutazama muda mrefu. Sijui kueleza zaidi, wala sitaki kuharibu kwa kueleza.

Hali ya kazi ni hii. Viraka kumi na kimoja vimetoka. Kingo za matundu zina alama za shazia, singa zimejitenga kidogo, na hazitarudi zilivyokuwa. Baadhi nimezilowesha maji na kuzibana kwa vidole, zimetulia, lakini fundi akisogea karibu atajua. Maji yamekwishamwagika, na hapo samahani yangu haisokoti singa hata moja.

Viwili vimebaki. Ni vile vya katikati. Hapo nilikuwa nimenogewa, nikapitisha shazia ndani ya zile singa nne nene ulizozisokota pamoja, zile zinazobeba uzito wote wa chini. Uzi wangu umezama humo. Nilianza kuufuata kwa wembe leo asubuhi, nikaacha. Wembe ukiteleza singa moja ikatike, nusu ya chini yote itafumuka hadi sakafuni, na hakuna muda wa kuisuka upya. Ningekuwa na moyo wa Bi Chausiku ningekata bila kusita, na ningekata vizuri au vibaya, kisha ningekuambia ni kwa faida yako. Sitaigusa tena. Wembe nimeuacha dirishani kwako pamoja na mafuta ya taa ya kutosha.

Unaweza kuvikata mwenyewe. Vidole vyako ni vyepesi kuliko vyangu na macho yako yanaona. Unaweza kuviacha. Unaweza kuiacha kazi yote hapa, ukaenda na fungu la katani ghafi, ukawaambia wale walimu wakupe fito na siku tatu. Mwalimu Mathayo nimemtumia ujumbe kwa mtoto wa jirani kwamba kazi imepata ajali na ajali yenyewe ni mimi, ili akisikia lolote kutoka chuoni asikudhanie wewe. Hiyo aibu nimeshaila, haikuhusu.

Na hasira. Utakuwa nayo, ni haki yako. Nilipokuwa na umri wako niliimeza yangu chini ya khanga mpya, na ona ilikokwenda kutokea. Kwa hiyo ukitaka kunisema, nitakuwa jikoni, baba yako nimemwambia asikuzuie, na kama utataka kuondoka kesho bila kuniaga sitamtuma mtu kituoni. Ningeumia sana. Lakini ningejua kwamba umeondoka na kitu chako mkononi, na mimi siku ya kutolewa nje sikuondoka na changu.

Nasikia honi ya lori huko barabara ya Kinole, huenda ni lenu, huenda si lenu. Namalizia.

Kama utaamua kuviacha viraka viwili, walimu wataviona, maana nilivishona vionekane. Watakuuliza ni vya nini. Usinifichie aibu, na usiwaambie ni mapambo. Waambie ni vya mama yako, na kwamba hukumruhusu.

Ni mimi,
Mama yako Mwanahamisi